Maelezo ya Maziwa ya Mama

Mama yangu ndiye mfanyabiashara mbaya kuliko wote niliowahi kuwaona, na ninasema hivyo nikiwa nimekula, nimevaa na nimesoma kwa biashara yake. Ameuza maziwa ya ngamia hapa Isiolo tangu mimi nikibebwa mgongoni. Mteja akisimama mbele ya mitungi yake na kuuliza kama maziwa ni mazuri, mama humtazama kana kwamba ameulizwa umri wake, kisha humjibu: "Ya leo imekula moshi sana. Enda kwa huyu jirani yangu, yake ni tamu." Mitungi yetu hufukizwa moshi ili maziwa yakae, na moshi ukizidi ladha hupotea. Mteja huenda kwa jirani. Mimi huuma meno.

Jirani mwenyewe ni rafiki yake. Namwita habaryar, yaani mama mdogo kwa Kisomali, ingawa hatuna undugu wa damu. Wawili hao walianza biashara wakiwa wasichana, na kwa miaka yote niliyo nayo kichwani wamekaa bega kwa bega chini ya mwavuli mmoja, mkubwa, uliokuwa mwekundu ukachujuka na jua. Kila mmoja ana kigoda chake. Mwavuli ni wa wote wawili, na sijawahi kusikia ukigombaniwa.

Mimi nina saiba ndogo mtaa wa pili kutoka sokoni. Napiga chapa barua, naprinti fomu, nawajazia vijana maombi ya kazi ambazo najua hawatazipata. Kabla ya hapo nilifundisha insha shule ya msingi, na sitajificha nyuma ya unyenyekevu: nilikuwa moto. Nilipokuwa mwanafunzi, insha zangu zilisomwa gwaride la asubuhi mbele ya shule nzima. Nilipokuwa mwalimu, niliwahi kumsimamisha mtoto mlangoni kipindi kizima kwa kunakili kazi ya mwenzake mpaka na jina la mwenzake.

Ndiyo maana nilicheka nilipotumiwa masharti ya ile kazi. Kampuni fulani ya Nairobi ilikuwa ikitengeneza saraka ya biashara mtandaoni: kila duka, kinyozi na fundi wa viatu awe na ukurasa wake, ramani, picha, na maelezo mafupi. Walitafuta waandishi wa mashinani. Sharti lilikuwa moja tu, limeandikwa kwa herufi nzito. Maelezo yawe ya asili, yasiwe yamenakiliwa popote. Yatakayofanana na mengine yatakataliwa na mashine. Mtu ananiambia mimi nisinakili! Nilisaini hapo hapo.

Nilianza na akina mama wa maziwa, kwa sababu shida yao niliijua. Soko lao lilikuwa limesogezwa nyuma ya maduka ya mabati na misumari, na wasafiri waliozoea kusimama barabarani kununua maziwa walikuwa sasa wanapita moja kwa moja, wanafika Ngaremara huko mbele koo kavu. Ramani ya simu ingewarudisha. Wanawake walikuwa tisa, mama akiwa wa mwisho kabisa pembeni. Nikaenda na daftari.

"Nieleze maziwa yako," nilimwambia wa kwanza.

"Ni ya ngamia."

"Ndiyo, lakini iko namna gani?"

"Ni safi. Karibu."

Wa pili alisema ni ya ngamia, safi, karibu. Wa tatu alisema niandike kama ya wa pili. Nilipofika kwa wa tano hasira zilikuwa zimeshanipanda, nikamwambia, mama yangu, lazima useme kitu chako, kitu kinachofanya maziwa yako yawe tofauti na ya huyu. Alinitazama kwa huruma.

"Sasa wewe," akasema, "jana gari yangu haikukuja. Hawa wote walinimiminia, kila mtu magi moja. Hiyo nimeuza jana ilikuwa ya nani? Nikisema yangu ni tofauti, si nitakuwa mwongo?"

Hiyo ndiyo desturi yao. Mzigo wa mmoja usipofika kutoka malishoni, wenzake humchangia, kila mmoja magi moja ya kupimia maziwa, asikae na mtungi mtupu mbele ya wateja. Na zaidi ya hapo, mtu hajisifii maziwa yake. Kujisifia ni kuita jicho la husuda, na jicho likishaingia kwenye mtungi hakuna moshi wa kulitoa. Kama ni kusifiwa, utasifiwa na jirani yako, naye atasema mashallah kwanza.

Niliyajua haya yote tangu utotoni. Lakini nilikuwa na masharti mkononi, na mtu mwenye karatasi hujiona amejua zaidi.

Nikatuma maelezo tisa yenye maneno matatu matatu. Mhariri wa Nairobi, kijana kwa sauti yake, alinipigia jioni ile ile. "Madam, hizi zote ni kopi."

"Si kopi. Ndivyo walivyosema."

"Mashine inasema ni kopi, madam."

Basi nikaamua kuionyesha hiyo mashine mwalimu wa insha ni nani. Nilifunga saiba mchana kutwa, nikaandika kwa nguvu zangu zote. Maziwa ya mama wa kwanza yalikuwa meupe pepepe, matamu ajabu. Kwa mama wa pili wateja walifurika furifuri wakiwa na furaha ghaya. Kwa wa tatu nilifungua na chema chajiuza kibaya chajitembeza. Wa nne nikampa mwenye macho haambiwi tazama. Nilipiga moyo konde mara mbili katika aya moja. Nilijisomea kwa sauti nikasisimka mwili.

Jibu lilikuja kesho yake. "Madam, mashine imeona haya maneno kila mahali."

Niliudhika hadi nikashindwa kula. Kisha, ukweli ni ukweli, nikaanza kucheka peke yangu pale kwenye kiti. Kila pambo nililokuwa nalo nilikariri kwa mwalimu wangu, ambaye alikariri kwa wake, nami nikawakaririsha watoto wa watu na kuwapa alama ishirini na nane juu ya thelathini. Yule niliyemsimamisha mlangoni, kosa lake lilikuwa kunakili kwa mtu aliyekaa karibu.

Lakini mhariri aliongeza jambo: "Moja tu imepita. Ile ya tisa. Hiyo ni ya asili kabisa, hongera! Tayari iko hewani."

Ya tisa ilikuwa ya mama. Nilikuwa nimeiandika mwisho, methali zikiwa zimeniishia, nikimwazia vile anavyofukuza wateja miaka nenda miaka rudi. Niliandika hivi: ukionja maziwa ya mama huyu, ndipo utajua kwamba kwa jirani zake ulikuwa ukinunua maji yaliyoonyeshwa ngamia.

Niliona ni utani mtamu. Haikunijia akilini kabisa, mimi mtoto wa soko lile, kwamba kwa wauza maziwa neno maji ni neno zito. Mwanamke wa maziwa unaweza kumwambia amezeeka, unaweza kumwambia mwanawe ni mlevi, mtasameheana. Ukimwambia ametia maji, umemvua nguo. Ndiyo maana mashine haikuwa imeona maneno yale mahali popote. Hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kuyaandika.

Muuza miraa mmoja kutoka Meru, mteja wa habaryar wa kila siku, ndiye aliyeyakuta kwenye simu. Alikuja sokoni akicheka, akasimama mbele ya mwavuli na kusoma kwa sauti. "Mama, kumbe umekuwa ukiniuzia maji imeonyeshwa ngamia?"

Wanawake wawili watatu walicheka. Halafu wakageuka kumtazama habaryar. Habaryar alimwomba asome tena, polepole. Akasoma, mara hii bila kucheka. Alisimama, akachukua kigoda chake, akakipeleka hatua kama kumi hivi, nje kabisa ya kivuli, akarudi kuchukua mitungi yake mmoja mmoja. Kisha akakaa kwenye jua la Isiolo, saa sita mchana, uso mbele.

Mama aliniita. Nilifika nikiwa na utetezi wangu umepangwa.

"Hoyo," aliniambia. Ni mama kwa Kisomali, na kwetu mama na mtoto huitana jina hilo hilo moja. "Ni wewe umeandika?"

"Ni maneno ya biashara tu, hoyo. Watu wa Nairobi wanataka—"

"Toa."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Kisha naye akainua kigoda chake, akatoka chini ya mwavuli upande wa pili, akakaa juani. Hangekaa kivulini na mwenzake anaungua. Mwavuli ukabaki katikati, umesimama wima, hauna mtu. Kabla sijafika kwenye kona, mbuzi mmoja wa mjini alikuwa ameshalala chini yake.

Nilimpigia mhariri nikamwambia ayatoe yale maneno. Akasema haiwezekani, ukurasa haukai bila maelezo. Nilete mengine ya asili, yatachukua nafasi ya yale. Nikaandika maziwa ya ngamia, karibu. Kopi. Nikaandika anuani na rangi ya mwavuli. Mafupi mno. Nikaandika msamaha mrefu kwa wauza maziwa wote wa kaunti, nao ukakataliwa kwa sababu si biashara. Nikamwomba mama aseme neno lolote kuhusu maziwa yake, hata moja. Akasema yamekula moshi.

Nilimwendea habaryar. Nilipiga goti mchangani kama mtoto, na wakati huo nina mvi. "Habaryar, nisamehe. Ni mimi, mama hakujua."

"Mimi sina maneno na wewe," alisema akiangalia barabara. "Wewe ni mtoto. Lakini mtoto huongea ile amesikia. Hayo maneno ulisikia nyumba ya nani?"

Niliapa wallahi kwamba sikuyasikia popote. Hakuniamini, na kwa nini aniamini? Hapo ndipo nilipoona nilichokivunja. Alikuwa akiwaza kwamba miaka yote ile, mama akimtumia wateja na kumsifia maziwa yake hadharani, jioni alirudi kwetu akayaita maji. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Ningeweza kuila ile simu.

Siku zilipita hivyo. Kila asubuhi wawili wale walifika, wakasema salaam aleikum kwa soko zima bila kutazamana, wakakaa juani, mmoja huku na mwingine kule. Wateja walipokuja kwa mama, aliwatuma kwa habaryar kama kawaida. Habaryar aliwauzia kimya. Mbuzi alinenepa.

Kisha asubuhi moja dereva wa pikapu inayoleta maziwa ya mama alipiga simu kutoka njia ya Kulamawe. Springi imevunjika, yuko porini, mzigo hautafika kabla ya alasiri na kufikia hapo utakuwa umeganda. Mama alisikiliza, akasema alhamdulillahi mradi wako wazima, akaweka mtungi mtupu mbele yake na kuufungua. Ndivyo inavyofanywa. Huombi; unafungua tu.

Nilikuwepo, nimeleta chai. Mwanamke wa kwanza akaja na magi yake, akamimina. Wa pili akaja. Walikuja mpaka wakawa saba. Habaryar alikuwa bado amekaa. Mama aliushika mdomo wa mtungi kwa mikono miwili, akiangalia ndani kana kwamba kuna kitu cha kusoma humo. Ningefurahi sana ardhi ingenimeza mimi pamoja na kompyuta zangu mbili.

Habaryar akasimama. Akaja na magi imejaa mpaka ukingoni, akasema bismillahi, akamimina. Alikuwa akiyaambia maziwa, si mama. Akarudi kwake. Nikashusha pumzi. Kisha nikamwona anajaza tena, anakuja tena, anamimina ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya desturi. Ya pili nafikiri ilikuwa ya hasira. Akaenda zake bila kuangalia nyuma.

Muda si mrefu yule muuza miraa akatokea, uso umemshuka kama mtu aliyevunja chungu cha wenyewe. Kwa aibu zake hakujua aende wapi, akasimama kwa mama. "Mama, leo maziwa ni nzuri?"

"Leo ni tamu sana," mama alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye maduka ya mabati. "Leo si yangu. Ni ya hawa. Na ya yule pale ndio mingi, magi mbili. Mashallah. Hata maji hajawahi kuosha nayo mtungi, yule, anaogopa itabaki ndani."

Kule juani nilimsikia habaryar akisonya. Lakini alisonya kwa ufupi.

Nikaona nikichelewa sitapata nafasi nyingine. Nilichukua daftari, nikaenda kuchuchumaa karibu naye. Nilimwambia ukweli wote: kwamba yale maneno hayatoki mpaka yaje mengine, kwamba mengine lazima yawe hayajawahi kusemwa, kwamba mama hawezi kujisema na mimi nimejaribu nikashindwa, mimi wa gwaride la asubuhi. "Mtu husemwa na jirani yake, habaryar. Nisaidie tuyatoe."

Akasukuma mtandio nyuma kidogo.

"Unaandika?"

"Naandika."

"Andika. Huyu mama, ukifika kwake atakuambia maziwa yake imekula moshi. Atakuambia enda kwa jirani, ya jirani ni tamu. Usimwamini. Amesema hivyo tangu tukiwa wasichana. Anafukiza mtungi yake mara mbili, na jirani anafukiza mara moja kwa sababu jirani ni mvivu. Keti hapo kwake, kunywa, usiende mahali. Lakini usimuulize habari ya magoti yake, utakaa hapo mpaka adhuhuri." Akasita. "Halafu andika: mimi ndio huyo jirani. Basi. Toka hapa sasa, unaniziba upepo."

Nilituma kama alivyosema, neno kwa neno. Mkono wa ualimu uliniwasha lakini niliuzuia. Mhariri alijibu upesi. "Hii imepita, madam! Ni yako mwenyewe?"

"Hata neno moja si langu," nikamwandikia. "Nimenakili."

Alidhani natania. Wale wanane wengine niliwafanyia hivyo hivyo, kila mmoja nikimwuliza habari za mwenzake, na ghafla daftari halikutosha. Huyu ana mkono mzito, magi yake hufurika. Yule akicheka lazima amwage. Mwingine huwezi kumdanganya kitu, alishawahi kumtambua ngamia wa mjomba wake kwa ladha tu. Yote yalipita. Nilimsomea mhariri moja kwa simu, akaniuliza nimesomea wapi uandishi.

Lakini mama na habaryar walikuwa bado juani. Maneno mabaya yalikuwa yametoka, na mazuri mama hakuyajua, kwa sababu habaryar alinikataza kumwambia na mimi nilikuwa nimeshajifunza kunyamaza.

Siku moja, kitu cha saa nne asubuhi, aliingia sokoni mwanamke mgeni na mkoba wa ofisi, mtumishi wa serikali aliyekuwa akisafiri kwenda kituo chake kipya Merti. Alikuwa ameshika simu mbele yake, akifuata ramani. Akapita wanawake wote mpaka kwa mama.

"Habari mama. Nimeambiwa hapa kuna maziwa nzuri."

"Karibu," mama alisema. "Lakini ya leo imekula moshi sana. Enda kwa huyu jirani yangu—"

Mgeni aliangalia simu. Akamwangalia mama. Akaangalia simu tena, akaanza kucheka mpaka akashika mkoba tumboni. "Mama, hapa imeandikwa utasema hivyo!"

"Imeandikwa na nani?"

Mgeni akasoma. Alisoma yote, kwa sauti, soko zima likisikia. Alipofika kwenye magoti watu walicheka, mama naye midomo ikamcheza. Alipofika mwisho, pale pa mimi ndio huyo jirani, mama aliacha kucheka. Aligeuka akatazama upande wa pili wa mwavuli. Habaryar alikuwa ameinua uso anakagua mawingu, na wakati huo mbingu nzima haikuwa na wingu hata moja.

"Mwongo huyo," mama alisema, macho yake yamejaa maji. "Anafukiza mara tatu."

"Mara moja," habaryar aliliambia anga.

"Tatu! Mimi nimekaa na wewe, si najua!"

"Moja! Mimi ndio nafukiza!"

Mgeni alipewa maziwa katikati ya ugomvi huo na wa kumpa hakumwangalia. Nilitamani kulia nikajizuia, maana nilikuwa nimebeba chai. Habaryar alisimama, akachukua kigoda chake mkono mmoja na mtungi mkono wa pili, akatembea zile hatua zake kumi mpaka kwenye mwavuli. Mbuzi aliinua kichwa kumtazama.

"Wewe toka," habaryar alimwambia mbuzi. "Hapo ni kwangu."